Nani Ashike Kifutio

Korogwe,
11 Februari 2008

Shangazi yangu Grasiana,

Shikamoo. Hapa nyumbani tumeamka wote, na najua unazitaka habari moja moja, basi nianze. Mguu wa Baba umepungua uvimbe. Sasa anakwenda mpaka kwa Hashim kunywa kahawa na kurudi, na ile fimbo aliyopewa hospitali anaibeba begani kama mtu anayekwenda shamba, maana hataki watu waseme kaka yako Habakuki amezeeka. Mama yupo Magoma wiki ya pili sasa, anapalilia. Duka langu linakwenda. Asubuhi ni kutoa kopi za vyeti na kupiga chapa barua za watu, mchana wanakuja wanafunzi.

Sasa kuhusu ombi lako la tovuti ya akina mama wa shanga. Nimelipokea kwa mikono miwili. Ila Shangazi, tovuti si jambo la kukurupuka. Zamani fundi alikuwa anaandika kila ukurasa kwa lugha ya kompyuta, na ukitaka kubadilisha hata nukta unamrudia yeye. Siku hizi kuna mifumo. Unaingia kwa neno la siri, unaandika maneno yako, unaweka picha, unabonyeza, na dunia nzima inaona. Kuna mfumo unaitwa WordPress, kuna Joomla, na ipo mingine. Kila mmoja una faida zake na una kasoro zake, na kuchagua kunataka mtu aliyesomea. Mteja mdogo akichaguliwa mfumo usiomfaa atajuta baadaye.

Naomba muda wa wiki kadhaa niipime. Uniachie mimi upande wa ufundi. Wewe nitumie picha na maelezo ya kikundi.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Handeni, na pale stendi ataichukua mtu wa fuso la Mazingara kama ulivyonielekeza.

Mwanao,
Simeo


Mazingara,
5 Machi 2008

Simeo mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana miaka thelathini na moja ya ualimu haitoki mwilini. Nimekupa alama sitini na tano. Maneno ni mengi, jibu ni moja, na jibu lenyewe hukuliandika.

Mimi ni mzima. Mvua bado, ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa maji na maziwa yamepungua. Mwambie kaka yangu fimbo ni ya kushika chini, siyo begani. Simu nimekupigia mara mbili kutoka kwenye kichuguu cha nyuma ya shule, ndipo mtandao unaposhika, lakini hukupokea. Basi tuandikiane, na ni vizuri, maana kilichoandikwa hakikatiki katikati.

Sasa nisikilize. Sisi ni wanawake kumi na mmoja. Kumi ni Wamasai na wa kumi na moja ni mimi, mtoto wa manamba wa mkonge wa Magoma niliyeletwa huku kufundisha nikashindwa kuondoka. Wao wanatunga shanga na kushona mikanda ya ngozi, mimi naandika na kusoma. Wanunuzi wa Arusha wanatuuliza kila mara wataiona wapi kazi yetu. Ndiyo maana ya tovuti.

Nataka jambo moja tu kwenye huo mfumo. Nikienda Handeni mjini siku ya mnada, niingie pale intaneti kafe, nifute mstari na kuandika mwingine kwa mkono wangu. Darasani mwenye chaki ndiye mwenye kifutio. Mfumo wenye kifutio ndio huo huo, uwe na jina lolote.

Na nikueleze kwa nini. Mwenyekiti wetu Nairesiae hakutaka kupigwa picha. Watu wa hapa, mtu akishafariki jina lake halitajwi tena, na picha yake haiwekwi mbele ya watu. Jina likitamkwa mbele ya wanawe ni kama umewatukana. Basi Nairesiae aliniuliza, “Picha yangu ikishaingia humo, itatolewa na mkono wa nani?” Nikamwambia itatolewa na mkono wangu. Akanitazama sana, kisha akakaa akapigwa picha. Wenzake wote wakafuata kwa sababu yeye alikubali.

Umeelewa uzito wake? Picha ziko kwenye bahasha ya kaki. Usizikunje.

Shangazi yako,
Grasiana


Korogwe,
21 Aprili 2008

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba anakusalimu na anasema fimbo ni yake. Mama amerudi na mahindi mabichi, tumechoma mpaka majirani wamelalamika kwa harufu.

Habari njema. Tovuti imeingia hewani tangu Alhamisi. Baada ya kupima kwa kina nimechagua Joomla. Ni mfumo mpana, wa kitaalamu, unaotumiwa na taasisi kubwa duniani, na hata kikundi chenu kikikua namna gani hautawabana. Ile WordPress niliiangalia, lakini kusema kweli ni nyepesi mno, ni ya watu wanaoandika mambo yao binafsi.

Kuhusu wewe kubadilisha mwenyewe, hilo linawezekana huko mbele. Kwa sasa, kwa sababu za usalama, neno la siri linabaki kwangu. Mtu asiye na mafunzo akibonyeza vibaya anaweza kuangusha tovuti yote. Wewe niandikie tu unachotaka kibadilike, nami nitabadilisha siku hiyo hiyo.

Picha ya Mama Nairesiae imependeza sana, imewekwa juu kabisa. Anwani ya tovuti nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, mpe mhudumu wa intaneti ataifungua.

Nisamehe simu. Chaji inanisumbua.

Simeo


Mazingara,
17 Juni 2008

Simeo mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa na furaha, basi nitaanza na hiyo na mengine yafuate.

Jumamosi ya mnada tulikwenda Handeni wanawake wanne. Mhudumu wa intaneti kafe ni binti anaitwa Shida, ana subira, akatufungulia. Nairesiae akajiona. Akagusa kioo kwa kidole, kisha akasema mkufu wake wa katikati umekaa upande. Tulicheka mpaka wenye duka la pili wakaja kuchungulia. Naitoi, anayeshika mhuri wa kikundi, alitaka kujua huko Arusha wanamwona saa ngapi. Nikamwambia saa zote. Akasema basi angevaa vizuri zaidi. Njiani niliwatangazia wote kwenye gari kwamba aliyeitengeneza ni mtoto wa kaka yangu, nimemfundisha kusoma mimi.

Nimeisoma tovuti yote, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa.

Kosa ni moja. Imeandikwa kwamba sisi ni akina mama wa Korogwe. Sisi ni wa Mazingara, Handeni. Wanunuzi watatutafuta wapi? Libadilishe. Na mimi narudia ombi langu, nataka neno la siri. Shida amenionyesha tovuti ya kwaya yao, mzee wa kanisa anaibadilisha mwenyewe, na huyo mzee hajui hata kufungua redio.

Mvua zimekatika mapema. Nairesiae anakohoa kidogo, nimemwambia aende zahanati, anasema ni vumbi la mnadani.

Shangazi yako,
Grasiana


Korogwe,
2 Agosti 2008

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa kwangu. Umeme hapa umekuwa wa mgao, unakuja mchana unaondoka kabla mtu hajakaa kitini. Halafu kompyuta yangu iliingiwa na virusi ikabidi ifutwe yote. Halafu Baba aliteleza bafuni, ila hakuvunjika.

Lile kosa la Korogwe nimeliona. Linahitaji marekebisho kwenye mfumo wenyewe, na mfumo kwa sasa unasubiri toleo jipya, kwa hiyo si vizuri kuugusa. Neno la siri nitakuletea mwenyewe nikija kukutembelea, si kitu cha kuandika kwenye barua inayopita mikononi mwa makondakta.

Mama anakusalimu. Mwambie Mama Nairesiae anywe maji ya moto na tangawizi.

Simeo


Mazingara,
14 Septemba 2008

Simeo,

Mwenyekiti wetu hatupo naye. Ameondoka tarehe 3 mwezi huu, hospitali ya wilaya, kwa kile kifua alichokiita vumbi. Mimi nilikuwa naye mpaka mwisho. Jina lake silitaji tena, nawe usilitaje, wala kwa mdomo wala kwa kalamu.

Nisamehe sikuanza kwa salamu. Wasalimie wote.

Nitakueleza hali ilivyo hapa. Wamenyoa nywele. Vitu vyake vimeondolewa, hata kigoda alichokalia hukioni. Mume wake, Mzee Keriako, ni mtu mpole, hajapata kunipandishia sauti tangu nije huku. Lakini mtoto wao Kuntai anafanya kazi ya ulinzi Handeni mjini, na wiki iliyopita mtu amemwita akamwambia njoo umwone mama yako kwenye kompyuta. Akaenda. Akamkuta amekaa pale, anatabasamu, na jina lake juu kwa herufi kubwa, na watu wanapita nyuma wanalisoma kwa sauti. Amerudi nyumbani akawaambia wadogo zake na baba yake.

Tangu siku hiyo wenzangu hawaji kutunga shanga kwangu. Naitoi alipita jana kwenye njia ya nyumbani kwangu akaangalia upande wa pili. Mimi ndiye niliyeahidi, Simeo. Niliahidi kwa mkono wangu, na mkono wangu hauna kitu. Nina haya hata ya kwenda kuchota maji, naenda mchana jua kali wakati hakuna mtu.

Toa ile picha. Toa jina. Ikibidi toa tovuti yote, shanga zitauzwa mnadani kama zamani. Mwisho wa mwezi familia watakaa, na Mzee Keriako amesema nije niwaambie kama imetoka. Sihitaji maelezo ya mfumo. Nahitaji neno moja kutoka kwako ambalo nitawasomea.

Grasiana


Korogwe,
26 Septemba 2008

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na pole sana kwa msiba. Tumesikitika wote hapa nyumbani, Mama amelia.

Naomba uwaambie familia kwamba jambo limeshughulikiwa. Picha na jina la marehemu Mama Nairesiae nimevitoa. Watulie.

Mwanao,
Simeo


Mazingara,
19 Oktoba 2008

Simeo,

Nitakuandikia taratibu ili nisiandike neno nitakalolijutia.

Barua yako ilifika siku ile ile ya kikao. Mtu wa fuso aliileta mpaka pale walipokaa. Nilikuwa nimeisubiri kwa zaidi ya wiki mbili, nikasema afadhali niifungue mbele yao, waone wenyewe kwamba sifichi kitu. Hapa barua husomwa kwa sauti, wewe unajua, mimi ndiye ninayewasomea barua zao zote. Nikaanza. Nikasoma salamu, nikasoma pole. Nikasoma na mstari uliofuata kabla macho yangu hayajaona kilichomo, na jina lile nikalitamka mwenyewe, kwa sauti ya darasani, mbele ya mume na watoto wake.

Mtoto wa mwisho aliziba masikio. Kuntai alisimama akatoka. Mzee Keriako alivuta shuka lake akafunika kichwa. Mimi nilibaki nimesimama na karatasi yako mkononi. Nilikuandikia kwamba usilitaje wala kwa kalamu. Niliandika wazi.

Hata hivyo nilijiambia, angalau imetoka. Jana nimekwenda Handeni. Shida akafungua. Yupo pale pale. Na sisi bado ni akina mama wa Korogwe.

Nakuuliza swali moja, na nataka jibu la mstari mmoja, nisilitafute katikati ya habari za mgao wa umeme. Unaweza kuitoa, au huwezi?

Shangazi yako


Korogwe,
23 Novemba 2008

Shangazi,

Shikamoo. Siwezi.

Mstari wako huo. Sasa naomba uniruhusu na mingine, maana nimeubeba mzigo huu mwaka mzima na sina tena pa kuuweka.

Ile miezi mitatu niliyokaa Tanga nilijifunza kupiga chapa na kupanga majedwali. Basi. Niliporudi mkasema Simeo amesomea kompyuta, na mimi sikuwakatalia. Ulimwambia padri. Uliwaambia walimu wenzako. Kila ulipolisema lilizidi kuwa kubwa, na mimi nikazidi kukosa pa kulirekebisha.

Ulipoomba tovuti, Jumapili moja baada ya ibada nilikaa dukani nikajaribu ile WordPress. Kabla ya saa kumi jioni nilikuwa nimeweka ukurasa, picha na maneno, nimefuta, nimeandika tena, bila mwalimu. Ilikuwa ndiyo hiyo uliyoitaka, yenye kifutio. Badala ya kufurahi niliogopa. Niliona kwamba Shangazi akikaa siku moja tu na mtu wa kumwelekeza ataiweza, na pengine atanishinda. Nikajiuliza, sasa mimi nitakuwa nani? Nikafuta yote. Nikafungua Joomla, nikashindwa kujua hata pa kuanzia, nikasema hii ndiyo ya wataalamu. Hiyo ndiyo kupima kwa kina niliyokuandikia.

Kazi nilimpa Kaleb, tuliyekuwa naye Tanga, yupo Dar, yeye tovuti anazijua kweli. Kila kitu kimeandikishwa kwa jina lake na neno la siri analo yeye. Sijawahi kuwa nalo, hata siku moja. Tangu Mei simu yake haipatikani. Nimekwenda Dar mara mbili, pale alipopanga wanasema amehamia Msumbiji. Wanaotunza tovuti wamenijibu kwa adabu kwamba wanamtambua mwenye jina lake tu, na wana haki. Muda wa tovuti uliolipiwa ni mwaka mmoja. Aprili itakatika yenyewe.

Nilipoandika kwamba nimevitoa, nilikuwa nimefuta ile picha kwenye kompyuta yangu ya dukani. Nilijua kabisa kwamba haitoshi. Na jina niliandika kwa sababu barua yako nilikuwa nimeisoma haraka haraka, kwa woga, nikitafuta tu mahali uliponigombeza. Pale ulipoandika kwamba jina lisitajwe niliruka.

Nyumbani wazima. Baba anauliza kwa nini siku hizi sili. Sijamwambia. Kila mteja akiingia dukani akisema “mtaalamu, habari za leo” natamani kujificha chini ya meza.

Niambie nifanye nini.

Simeo


Mazingara,
14 Desemba 2008

Simeo mwanangu,

Marahaba. Mwambie Baba yako ukweli leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mtu anayekataa kula ndani ya nyumba ya Habakuki ataulizwa mpaka na kuku.

Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimekaa kwa siku tatu bila kushika kalamu, kwa sababu kila nilipotaka kukugombeza nilikuta na mimi nimo humo humo.

Nilikuandikia mwezi wa Juni kwamba nilisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Nadhani nilitaka uniulize. Yale maandishi yanasema imetengenezwa na Kaleb, na namba ya simu ya Dar. Binti Shida akaniuliza kama huyo Kaleb ndiye mtoto wa kaka yangu ninayemtangaza. Nikamwambia ndiye. Niliongopa pale pale, mwalimu mzima, na wenzangu watatu wamesimama nyuma yangu. Nilijua siku ile kwamba si kazi yako na kwamba neno la siri huna. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshakusifu mno, nikajiuliza aibu hiyo nitaiweka wapi, hao waliokwisha kumjua Simeo wangu watanionaje. Nikawa nakuomba neno la siri kwa barua nikijua hutaliandika, ili lawama ibaki kwako.

Na wakati huo yeye alikuwa hai. Ningewaambia ukweli Juni, yeye mwenyewe angekaa juu ya kile kichuguu akipiga simu mpaka huyo Kaleb apatikane, maana hakuwa mtu wa kuachia jambo. Nilimnyima nafasi hiyo ili heshima yangu isipungue. Sasa unaona nani ameharibu zaidi.

Jana nilikwenda kwa Mzee Keriako. Nimemwambia yote, yako na yangu, mpaka kuhusu Shida. Alinisikiliza huku anachonga kijiti. Nilipomaliza akasema, “Ninyi wawili mlikuwa mnasitiriana. Aliyebaki wazi ni yeye.”

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu ni yako pia.

Anataka uje. Njoo Jumanne, tarehe 6 Januari. Usije na zawadi, usije na maelezo ya mfumo, na jina lile usilishike hata kichwani. Nitakaa upande wako, lakini kusema utasema mwenyewe.

Shangazi yako,
Grasiana


Korogwe,
22 Aprili 2009

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua zimeshika, mto umejaa. Baba ameacha fimbo kabisa, ameipa kazi ya kuegemezea mlango wa banda. Nimefurahi kusikia Naitoi anakuja kutunga shanga kwako tena, na kwamba wengine wanne wamerudi. Wasiorudi nawaelewa.

Tangu Januari nimefanya kama Mzee Keriako alivyoniagiza siku ile. Alisema kwa kuwa wao hawawezi kumtazama, na mimi siwezi kumtoa, basi nimtazame mimi, kila Jumatano, mpaka siku atakapoondoka, kisha nilete habari. Nilidhani ni jambo dogo. Nimekuwa nikigeuza kompyuta ielekee ukutani ili wateja wasione, nakaa naye. Wiki kumi na tano. Nimeona kwamba mkufu wake wa katikati kweli umekaa upande. Nimeona kwamba hatabasamu kama tulivyodhani sote, anajizuia tu kumuuliza mpiga picha jambo fulani. Kila Jumatano nilitoka pale nimeinama.

Leo nimefungua na hayupo. Nimejaribu mara tatu. Nikaenda na intaneti kafe ya stendi nikajaribu huko. Hakuna picha, hakuna jina, wala ukurasa wenyewe.

Hii ni karatasi ya pili, Shangazi. Ya kwanza nimeichana, kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe ukaandika kwamba nimemtoa. Utakapowasomea Mzee Keriako na wanawe, tafadhali usiwaambie Simeo ameitoa. Waambie muda wake umekwisha, imekatika yenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa tu naangalia.

Mwanao,
Simeo